Uyoga Una Mwenyewe

Nyanya yangu hakujua kusoma wala kuandika, lakini katika elimu ya uyoga alikuwa mwalimu ambaye sijapata kuona wa kumfanana. Mvua za masika zilipoanza kunyesha katika sehemu zetu za magharibi ya Kenya, alituamsha kabla ya jua kuchomoza, akatuongoza sisi wajukuu wake mpaka kwenye vichuguu vilivyokuwa kando ya shamba. Huko tulikuta nyoga zimechomoza usiku, vichwa vyao vimechongoka katikati kama mwavuli uliofungwa. Hakuturuhusu kuzing'oa kwa pupa, wala hakuturuhusu kuzikata kwa kisu. Kila mmoja wetu alipewa kijiti, akaamriwa kuchimbua polepole na kuufuata mzizi wa uyoga chini ya udongo hata auone unapoingia katika nyumba ya mchwa. Mtoto aliyeleta uyoga usio na mzizi alirudishwa alikotoka, na uyoga wake ukatupwa.

Tulimwuliza sababu ya taabu hiyo yote. Akatujibu, "Uyoga una mwenyewe, wajukuu wangu. Mjueni mwenyewe kwanza, ndipo mle."

Mwenyewe aliyemkusudia nyanya alikuwa mchwa. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nilisoma kwamba maneno yake yalikuwa kweli kuliko nilivyodhani. Mchwa hawa ni wakulima. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, wakavitengeneza kuwa bustani ndani ya kichuguu, na katika bustani hiyo huotesha kuvu ambayo ndiyo msingi wa chakula chao. Mvua inapokuja, kuvu hiyo husukuma shina refu kupita udongoni mpaka juu, na huko huchanua kuwa uyoga tuujuao. Basi mzizi tulioufuata kwa vijiti ulikuwa kama hati ya mali: ulituonyesha uyoga umetoka kwa nani.

Nimeanza kwa habari za nyanya kwa sababu nataka kusimulia siku niliyousahau mzizi, na jinsi kusahau huko kulivyotaka kuwagharimu watu wanane maisha yao.

Mwaka 2018, nikiwa mwalimu kijana, nilipata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo ya miezi mitatu pamoja na walimu kutoka nchi mbalimbali. Tulikaa katika bweni moja kusini mwa nchi ile, karibu na msitu wa mialoni mikubwa. Mwaloni ni mti wa heshima. Gome lake limepasukapasuka, matawi yake yametandaa, na matunda yake madogo hukaa katika vikombe kama mayai ndani ya viota. Tulifika mwezi wa Septemba. Oktoba ilipoingia, majani yalianza kugeuka rangi na kupukutika, mvua za rasharasha zikanyesha siku baada ya siku, na hewa ya msituni ikawa na harufu ya udongo na majani yaozayo. Harufu ile ilinikumbusha nyumbani.

Jumamosi moja nilitembea msituni pamoja na mwalimu mwenzangu kutoka Malawi. Chini ya mialoni tuliona kundi la nyoga nzuri mno. Kofia zake zilikuwa pana kama kiganja, laini, zenye mng'aro mdogo kama kitambaa cha hariri, na rangi yake ilikuwa ya kijani kilichofifia kikachanganyika na manjano. Nyingine zilikuwa karibu nyeupe. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Mwenzangu alisimama, uso ukamchangamka.

"Hizi nazijua," akasema. "Kwetu wakati wa mvua wanawake huziuza kando ya barabara. Mama yangu alizipika kwa karanga."

Hakuwa mwongo. Malawi, Zambia na kusini ya Tanzania kuna misitu ya miombo, na chini ya miti ile huota nyoga zilizo ndugu wa ukoo mmoja na zile tulizoziona. Ndugu hao wa miombo wana pete shingoni na mfuko miguuni, nao ni chakula kizuri ambacho watu wamekila vizazi kwa vizazi. Ushahidi wake ulikuwa wa kweli. Lakini ulikuwa ushahidi wa nchi nyingine.

Mimi nami nilikuwa na kosa langu, na kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Sikuwa na kijiti, ardhi ilikuwa na tope, na nilikuwa nimevaa suruali yangu njema. Nilitoa kisu kidogo mfukoni, nikazikata nyoga zile juu kidogo ya ardhi, moja baada ya moja, mpaka mfuko wetu ukajaa. Miguu yake yote niliiacha udongoni. Sauti ya nyanya haikunijia hata kidogo. Nilijiona msomi aliyevuka bahari, na kumbe nilikuwa nimeiacha elimu yangu nyumbani.

Tuliporudi bwenini tuliwaalika wenzetu sita waje kula ugali jioni. Nilizimwaga nyoga mezani jikoni, nikaanza kukata vitunguu. Mtunza bustani wa bweni, mzee wa makamo ya miaka sabini, alipita mlangoni akielekea kuweka majembe yake. Alitazama meza, akasimama. Akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alichukua uyoga mmoja, akaugeuza juu chini, akautazama kwa muda.

"Rafiki yangu," akaniuliza kwa upole, "mguu wa uyoga huu uko wapi?"

Nilimwambia nimeukata. Aliuweka uyoga mezani kama mtu awekaye kitu kinachoweza kulipuka.

"Basi twende tukautafute," akasema, "kabla giza halijaingia."

Tulikwenda watu watatu, yeye akiwa na mwiko wake wa bustani. Nilimwonyesha mahali, na vikonyo vyeupe nilivyovikata vilikuwa bado vimesimama katika majani makavu. Alipiga magoti, akachimba kwa uangalifu kuzunguka kimoja, akakiinua pamoja na udongo wake, kisha akaupangusa udongo kwa kidole. Hapo nikaona jambo ambalo kisu changu kilikuwa kimenificha. Shina lile liliishia katika uvimbe kama kitunguu, na uvimbe ule ulikuwa umekaa ndani ya mfuko mweupe, mwembamba, uliopasuka ukingoni kama ganda la yai lililototolewa kifaranga.

Mwenzangu wa Malawi aliutazama mfuko ule akasema kwa sauti ndogo, "Hata wa kwetu una mfuko."

"Inawezekana," mzee akajibu. "Mimi sijafika kwenu. Lakini huu wa kwetu huua."

Ukaanza somo ambalo nalikumbuka neno kwa neno, nami nitalitoa hapa kama nilivyolipokea. Uyoga ule wataalamu huuita Amanita phalloides, na Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya Kofia ya Mauti. Kofia yake ina upana wa sentimita 5 hadi 15. Rangi yake kwa kawaida ni ya zeituni bichi iliyofifia, yenye mistari myembamba itokayo katikati kwenda ukingoni. Lakini rangi ni shahidi dhaifu, kwa maana mvua na jua huifuta, na mwingine huzaliwa mweupe. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, navyo ni vyeupe daima, wala havikugusa shina. Shinani, karibu na kofia, kuna pete laini inayoning'inia kama kitambaa. Na miguuni kuna mfuko ule. Uyoga ukiwa mchanga huwa umefunikwa wote na ngozi nyeupe, ukafanana na yai lililolala chini. Asiyejua aweza kuudhani ni uyoga mwingine kabisa ulio salama.

Mzee aliponionyesha ishara hizo, aliinua mkono akaonyesha mwaloni uliokuwa juu yetu. "Na huyu ndiye mwenyeji wake," akasema. "Msiache kuutazama mti."

Nilishtuka kusikia maneno hayo, maana yalikuwa maneno ya nyanya yangu katika kinywa cha mzee wa Kiingereza. Alieleza kwamba mwili halisi wa uyoga ni nyuzi nyembamba zilizofichika udongoni, na kile tukionacho juu ni tunda lake tu. Nyuzi za uyoga huu huivika mizizi midogo ya mwaloni kama soksi. Uyoga huuletea mti maji na madini kutoka udongoni, na mti huupa uyoga sukari iliyotengenezwa na majani yake katika mwanga wa jua. Ni ushirika wa siri ambao wote wawili hufaidika nao. Kwa hiyo uyoga huu hauoti ovyo. Makao yake ni chini ya mialoni na baadhi ya miti mingine ya Ulaya, katika msitu, na hata katika bustani za miji na kwenye nyasi zilizo mbali kidogo na shina la mti, kwa sababu mizizi hutambaa mbali. Huko Uingereza huonekana tangu Agosti mpaka Novemba, hasa baada ya mvua.

Tuliporudi, mzee alizihesabu nyoga zote zilizokuwa mezani, asibakize hata kipande, akazitupa. Moja tu aliibakiza. Alikata kofia yake, akaiweka juu ya kipande cha karatasi nyeusi, akaifunika kwa bilauri. Asubuhi tulipoiondoa, tulikuta vumbi la uzazi limeanguka likachora mistari myeupe juu ya karatasi, picha kamili ya zile kurasa. Tuliosha meza, kisu na mikono yetu. Wageni walipofika saa moja usiku, walikula ugali kwa kabichi na mayai. Hawakujua kwa nini wenyeji wao wawili walikuwa kimya.

Usiku ule sikupata usingizi. Nililala nikihesabu saa, kwa maana mzee alikuwa ametueleza namna sumu ile ifanyavyo kazi. Laiti tungaliila saa moja, tungaliisifu. Watu waliokula uyoga huu wakapona husimulia kwamba ladha yake ni nzuri. Tungalikwenda kulala kwa amani. Kwa kawaida maumivu huanza baada ya saa 6 hadi 12, na mara nyingine baadaye zaidi. Basi kati ya saa saba za usiku na saa moja ya asubuhi tungaliamka kwa tumbo linalosokota, kutapika na kuhara maji mengi. Siku ya pili au ya tatu tungalipata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo hila kubwa ya uyoga huu, kwa sababu mgonjwa hudhani amepona, akarudi nyumbani, na huku sumu inaendelea kulila ini lake. Kisha macho huwa manjano, damu hukataa kuganda, akili huvurugika, na figo nazo huweza kushindwa. Uyoga mmoja mkubwa watosha kumwua mtu mzima. Sisi tulikuwa na mfuko mzima, na watu wanane mezani.

Sumu hiyo huitwa amanitini. Kila chembe ya mwili wetu huishi kwa kunakili maagizo ya urithi yaliyo ndani yake na kutengeneza protini kwa kufuata nakala hizo. Amanitini humfunga mikono mnakili. Chembe isiyo na nakala haiwezi kutengeneza kitu, basi hufa; na kwa kuwa ini ndilo lipokealo damu itokayo matumboni, ini ndilo linaloumia kwanza. Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kukaushwa wala kugandishwa kwa baridi. Madaktari wanazo njia za kumsaidia mgonjwa afikaye mapema, na wengine wameokolewa kwa kubadilishiwa ini. Lakini hakuna dawa moja ya hakika iliyo kinga dhidi yake.

Baadaye nilisoma mengi juu ya uyoga huu, nikaona kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kunaswa, wala hatukuwa wajinga kuliko wengine. Mwaka 1740 mfalme Karl wa Sita wa Austria alikufa baada ya kula nyoga, na watu wengi huamini kwamba ni hizi. Kifo chake kilizusha vita ya kugombea urithi wake. Uyoga wenyewe haukubaki Ulaya. Watu walipochukua miche ya mialoni kwenda kuipanda ng'ambo, nyuzi zake zilisafiri pamoja na mizizi. Leo unaota chini ya miti hiyo Afrika Kusini, Australia na Marekani. Katika jimbo la California umeacha miti ya kigeni ukahamia hata kwa mialoni ya asili ya pale. Mjini Canberra, watu wawili walikufa Januari 2012 kwa chakula kilichopikwa kwa uyoga huu mkesha wa mwaka mpya. Na katika nchi hizo mbili, Australia na Marekani, miongoni mwa waliodhurika wamekuwamo wahamiaji kutoka Asia ya kusini mashariki, ambao kwao kuna uyoga mtamu wenye mfuko miguuni, uotao katika majani ya mpunga. Waliuona uyoga wa ugenini, wakamdhani ni yule wa nyumbani. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwenzangu wa Malawi na karanga za mama yake.

Hapo ndipo nilipoelewa somo la siku ile. Si kweli kwamba wazee wetu hawakuwa na elimu. Elimu yao ilikuwa kamili mahali ilipozaliwa, kwa maana ilijengwa juu ya udongo ule, mti ule, mvua ile na mdudu yule. Kosa ni letu sisi tuibebao ng'ambo ya mipaka yake na kudhani kwamba inafanya kazi kila mahali. Na kosa kubwa zaidi ni la mtu kama mimi, aliyebeba nusu yake: nilichukua hamu ya nyanya ya kula uyoga, nikaacha uangalifu wake wa kuuchimba.

Niliporudi nyumbani mwezi wa Desemba, nilimsimulia nyanya mambo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imelala mapajani. Nilitazamia astaajabie habari za uyoga wa kijani na wafalme waliokufa. Hakustaajabia hata moja. Aliniuliza swali moja tu:

"Kwa nini ulitumia kisu?"

Sikuwa na jibu. Sinalo hata leo.

Basi, kijana usomaye, zingatia haya. Hakuna hila ya haraka ya kuitambua sumu ya uyoga. Wako wasemao kwamba kijiko cha fedha huwa cheusi kikitiwa chunguni, si kweli. Wako wasemao kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa binadamu. Si kweli, kwa kuwa konokono huula uyoga huu asidhurike. Wako wasemao kwamba ubaya hujulikana kwa harufu na ladha. Nao nimekwisha kukueleza utamu wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayetaka kuujua uyoga hana budi kuutazama wote: kofia, kurasa, pete, shina na mguu uliofichika, kisha autazame mti ulio juu yake, udongo ulio chini yake, na majira ya mwaka. Ishara moja ikikosekana au ikitia shaka, na auache. Hakuna aliyekufa kwa kuacha kula uyoga. Na kama mtu amekwisha kula asichokijua, asingoje maumivu, kwa maana maumivu ya sumu hii huchelewa kuliko kazi yake; aende hospitali mara moja, na achukue mabaki ya kile alichokula.

Tena usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na mwalimu hakosi kuwa mwalimu kwa sababu ana mwiko wa bustani mkononi au kwa sababu hajui kusoma. Mzee mmoja na bibi mmoja, waliokaa mabara mawili wasijuane, walinifundisha neno lile lile. Kila uyoga una mwenyewe. Usipomjua mwenyewe, ujapokuwa na njaa na chungu kiko motoni, uache usimame mahali pake.